Tangi la Mke wa Shemeji

Kwa miaka miwili nilimwonea wivu mke wa shemeji yangu kwa sababu ya tangi la maji. Sioni haja ya kuficha. Lilikuwa jeusi, la plastiki, kubwa kuliko chumba changu cha jiko, na kila Jumatatu lori lilipita mbele ya lango langu kwenda kulijaza.

Alipewa kwa sababu bomba la mafuta lilivuja. Bomba hilo linapita chini ya mashamba yetu huku Makueni, na mafuta yaliingia kwenye mchanga wa mto, yakafika kisimani kwake. Michungwa yake ilipukutisha majani kabla matunda hayajakomaa. Sukuma wiki yote ikaungua. Ng'ombe wake wa maziwa alikunywa maji yale, akaharibu mimba. Mimi niko juu kidogo tu, tumepakana kwa ua wa mkonge, na kisima changu hakikuguswa.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilichoona ni yeye akifungua mfereji maji yatoke, nami navuta ndoo kwa kamba mpaka viganja vinachubuka. Kanisani aliombewa kila Jumapili. Wageni wenye magari walikuja kumpiga picha kando ya michungwa iliyokauka. Mimi na sukuma yangu ya kijani, nani angetupiga picha? Nilisema amina kwa shingo upande.

Kisha tukasikia wapimaji wa maji watarudi, na kila kisima kitakachopatikana na mafuta, mwenyewe ataletewa tangi. Asubuhi ya siku hiyo nilichukua chupa ya mafuta ya taa nikamimina yote kisimani. Nilifanya haraka, kama mtu anayemwaga maji ya vyombo.

Mpimaji alichota, akanusa, akafunga kichupa chake.

"Mama, usitumie hii maji mpaka results zitoke," akasema. "Hata mbuzi usipatie."

Akapaka alama nyekundu kwenye ukingo wa kisima. Nilimuuliza tangi langu litakuja lini. Akasema hiyo si kazi yake.

Siku ya nne bila kumwagiliwa, sukuma yangu ilikuwa imelala chini. Nilikuwa nimekaa nikiitazama, nimekasirika na kila mtu, mke wa shemeji alipoingia na mtungi wa lita ishirini mgongoni, kamba imemkaza kipajini. Alikuwa ameujaza kwenye tangi lake. Akautua, akaenda kisimani, akainama kunusa.

Aliinama pale kwa muda mrefu. Harufu ya bomba ameishi nayo miaka miwili, amefua nayo nguo, ameoga nayo kabla tangi halijaletwa.

"Dada," akasema, "hii si ya bomba. Hii ni ya taa."

Nilitazama miguu yake iliyojaa vumbi, nikingoja aseme atanipeleka kwa shemeji, au kwa mchungaji. Alimimina maji yote kwenye ndoo yangu, akafunga mtungi mtupu.

"Utahitaji ingine ya mboga," akasema. "Nitarudi jioni."

Akarudi. Mpaka leo tangi langu halijaja, yeye analeta, na hajamwambia mtu. Lile tangi sasa silitamani tena. Ninayemwonea wivu ni yeye mwenyewe, kwa moyo alio nao, na huu wivu ni mbaya kuliko ule wa kwanza.