Mechi Tuliyoipanga Idi Pili

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alipopewa ukocha wa timu ya mpira ya chuo kidogo hapa Ibra, mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu kusomesha dini. Alinijia baada ya sala ya alasiri, akanipa shikamoo, akakaa kitako kwenye zulia, akasema:

"Mjomba, nazitaka ndevu zako."

"Zina nini?"

"Wazee wa wanafunzi hawaniamini. Wewe wakikuona, watafungua mlango."

Ndivyo nilivyoingia katika mpira uzeeni, na Mwenyezi Mungu namshukuru, maana mtu aliyestaafu huhitaji pa kwenda.

Taabu ya chuo chetu ilikuwa udogo wake. Wachezaji waliosifika walikwenda Maskati. Wa pwani walichukuliwa na chuo cha Sur. Wa Bahla waliteremka Nizwa, ndiko karibu na kwao. Mpwa wangu akabandika ramani ukutani mwa sebule yangu bila ya kuniuliza, akazungushia wino Al Qabil na vijiji vya Dima wa Tayyin.

"Huku haji mtu kutafuta wachezaji," alisema. "Wa Al Qabil wamekua wakipanda mitende, wana miguu. Wa milimani wana pumzi."

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Na ukuta wangu una rangi mpya. Hiyo gundi utaibandua wewe?"

Tatizo la pili lilikuwa siku za kucheza. Wanafunzi wetu, ikifika Alkhamisi adhuhuri, huingia magari yao wakaenda kwa mama zao, na huwaoni tena mpaka Jumapili. Kocha aliyetangulia alikuwa akipanga mechi Alkhamisi jioni. Mwaka ule timu ilishindwa kufika mara mbili, na wenyeji walibaki uwanjani wakitungojea. Mkuu wa chuo alituita ofisini, akatupa kahawa, akasema kwa upole: "Mkikosa kufika mara moja tena, naifunga timu."

Mpwa wangu aliacha kazi ya benki Maskati kwa ajili ya timu hii. Mkewe alihama naye na watoto wadogo wawili. Nilimtazama akiishusha chini kahawa bila ya kuinywa, nikamwonea huruma.

Basi tukaanza kuzunguka. Nyumba ninayoikumbuka zaidi ilikuwa juu Dima wa Tayyin, ya mzee mwenye mbuzi wengi na mtoto mrefu ambaye mpwa wangu alimwona akidaka mpira kwenye uwanja wa changarawe, bila ya glavu. Tulikaribishwa tende, halafu kahawa, halafu habari za mvua. Mpwa wangu alikuwa akinikanyaga mguu niseme. Mimi nilingoja mpaka mzee mwenyewe aliponigeukia.

"Mwanangu mnamtaka, ustadhi?"

"Tunamtaka, ukituruhusu."

"Na masomo?"

"Atasoma kwanza."

"Na sala?"

"Nitakuwa naye safarini."

Akafikiri. "Siku zake za nyumbani msizichukue. Kaka zake wawili wako jeshini. Huyu ndiye mkono wangu."

Nikampa ahadi yangu. Tuliporudi garini mpwa wangu alinung'unika: "Mjomba, umetufunga mikono." Nikamjibu kuwa mikono iliyofungwa kwa ahadi huwa haiendi pasipo pake. Hakupendezwa na jibu lile, lakini aliandika ratiba nzima kwa Jumatatu na Jumanne, akapiga simu Nizwa na Maskati na kwengineko mpaka wakakubali.

Ikabaki Sur. Uwanja wao ulikuwa ukitiwa majani mapya, na kocha wao akatwambia nafasi aliyonayo ni moja tu: sikukuu ya Idi, siku ya pili, alasiri.

Sisi tukafurahi! Mimi nimekulia Unguja, ambako Idi pili watu wamekwisha kula, nguo bado mpya, na kila mtu anatafuta pa kwenda. Mpwa wangu amezaliwa Maskati, lakini katika nyumba ya kina sisi watu wa Unguja, kwa pilau na viwanja vya watoto. "Siku bora kuliko zote," tulisema kwa kauli moja, tukaiandika.

Hatukukumbuka shuwa. Huku bara nyama ya Idi hupakwa viungo, ikafungwa ndani ya vikapu vya makuti, ikazikwa katika shimo la moto la kijiji kizima, na hufukuliwa siku ambayo kila kijiji kimejiwekea. Kwengine siku ya pili, kwengine siku ya tatu. Sisi kwetu tunaletewa na jirani ikiwa imekwisha kuiva, kwa hiyo katika miaka yote hii sikuwahi kujiuliza nani anafukua, na saa ngapi.

Karibu na Idi yule mzee wa milimani akanipigia simu. "Ustadhi, mwanangu ananambia mna mpira siku ya pili. Siku ya pili baada ya alasiri sisi tunafukua. Vikapu vya watu wazima wasiojiweza, vya wajane, anavitoa nani?"

Nikampigia kocha wa Sur kuomba siku ya tatu. Akacheka. "Siku ya tatu tunafukua sisi, mzee wangu."

Mpwa wangu alikuja usiku ule, macho mekundu. "Mjomba, nizungumze na kijana mwenyewe. Ni mtu mzima. Akitaka kuja atakuja."

"Na babake?"

"Atakasirika siku mbili."

"Nilimwambia siku za nyumbani hatuzichukui."

"Timu itafungwa!"

"Huenda. Lakini haitaokolewa kwa mimi kumdanganya mzee yule."

Alitoka bila ya kuaga. Nilisali, nikalala vibaya.

Idi pili tukasimama kituo cha petroli nje ya Ibra, mimi na yeye na dereva wa basi, tukingoja. Ili mechi ichezwe, sharti wawepo wachezaji saba. Wakaja watatu wa Ibra, harufu ya udi mpaka barabarani. Wengine wakapiga simu, huyu babu mgonjwa, huyu harusi ya binamu. Tukaenda Al Qabil, na pale, alhamdulillahi, watano walikuwa wamesimama kando ya barabara, mmoja amebeba sufuria la mishikaki aliyopewa na mamake.

"Mwalimu, mama amesema tusile kabla ya kucheza," alimwambia mpwa wangu.

"Na wewe umekula?"

"Kidogo tu, nionje chumvi."

Wanane, na golikipa hakuna. Mkuu wa chuo, ambaye mkewe ni mtu wa Sur, alikuwa amekaa jukwaani tulipofika. Kocha wa Sur alitupokea, akatuhesabu kwa macho, akaniuliza pembeni golikipa wetu yuko wapi. Nikamwambia kweli: yuko kijijini kwao, anawatolea wajane vikapu. Akatikisa kichwa. Kisha akamwita golikipa wake wa akiba, akamvua jezi ya bluu, akamvisha ya kwetu.

Sijawahi kuona mtu akicheza kwa bidii namna ile dhidi ya kwao. Miaka yake yote ya benchi aliilipiza siku ile. Wazee wa Kizanzibari waliokaa nyuma yangu walikuwa hawana huruma naye.

"Wee! Umekula shuwa ya nani leo?"

"Mwacheni, ameozwa Ibra!"

"Ameozwa bila ya mahari!"

Alidaka penalti ya rafiki yake mwenyewe, akamwinamia kama mtu mwenye haya. Tukafungwa matatu kwa moja, na lile moja wachezaji wetu walilishangilia mpaka refa akaona choyo, akatazama saa.

Mkuu wa chuo aliteremka jukwaani akicheka machozi. Akampa mkono mpwa wangu. "Watu wanane wameziacha nyumba zao Idi pili," akasema. "Timu hiyo nitaifungaje? Lakini mwakani, Mungu akipenda, waulizeni kwanza mashimo yao." Mpwa wangu akageuka upande, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba chake, na mimi nikajifanya naangalia goli.

Tulipokuwa njiani kurudi, simu yangu ikalia. Alikuwa yule mzee wa milimani.

"Mmecheza?"

"Tumecheza. Tumefungwa."

"Mwanangu alingoja mumpigie kwa siri. Alikuwa ameshatayarisha viatu. Kwa nini hamkumpigia?"

"Tulikuahidi."

"Nina watoto wawili wa ndugu yangu hapa. Wanamaliza skuli. Waje kwenu?"

Mpwa wangu, aliyekuwa ameegemeza sikio lake karibu na simu, akaninong'oneza kwa haraka: "Muulize kama yupo wa mguu wa kushoto!"

Nikamuuliza.

"Ustadhi," mzee akasema, kwa sauti ya kustaajabu, "wote wawili wana miguu yao yote, namshukuru Mungu."