Gari la Maiti Kwenye Foleni ya Petroli

Jumanne ya pili ya mwezi wa nne, saa nne asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Ilikuwa wiki ile vituo vya petroli vya Nakuru viliziba njia ya kuingilia kwa mawe na matairi, kwa hiyo wapo waliokuja kunipa pole huku wakichungulia nyuma ya mlango kama kuna mtungi wa petroli. Mume wangu alijaza magari ya watu kwa miaka ishirini na miwili. Waliamini mtu kama huyo hawezi kufa bila kuacha chochote.

Hakuacha hata lita moja. Aliacha buti na sweta yenye harufu ya dizeli.

Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuteremsha fimbo ndefu yenye alama ndani ya tangi la chini ya ardhi, aone limebaki kiasi gani. Watu wakibishana juu ya bei alisema, "Nyinyi mnaangalia bei. Mimi naangalia fimbo." Aliamini kwamba hata huko mbali mafuta yanakochimbwa kuna mtu mwenye fimbo yake, anaiona kila mwaka ikitoka kavu kidogo zaidi, na bosi wake amemwambia anyamaze. Nilimwambia petroli imempanda kichwani. Nilimwambia mbele ya watu, wakacheka, na yeye akacheka nao.

Mazishi yalipangwa Jumamosi, kwao, upande wa Rongai. Huko kaburi huchimbwa asubuhi ya mazishi, na likishachimbwa halilali wazi. Likilala wazi linaita mwingine. Mama mkwe alishazika watoto wawili kabla ya huyu. Alinipigia simu: "Mwanangu, hema sitaki, pilau sitaki. Niletee mtoto wangu kabla jua halijazama." Nikaahidi.

Kamati ya mazishi ilikutana kwangu, mtaa wa Kaptembwo, kila jioni. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye gari kubwa jeusi. Ajenda ilikuwa moja, petroli ya gari la maiti, na Jumatano waliijadili wakiwa wamekuja na magari matano. Alhamisi yalikuwa matatu. Ijumaa walifika kwa miguu, wamekasirikia serikali. Mwenyekiti alitangaza kwamba tangi lake limekauka kabisa.

Lakini azimio walikuwa nalo. "Shemeji, tulia," mwenyekiti aliniambia. "Kesho tunachukua mwili mapema, tunaingia nao kwenye foleni. Mkenya gani atakataa kumpisha marehemu?"

Nilikubali, na ukweli lazima niuseme. Jirani yangu alikuwa na lori la kubebea kabichi, lenye dizeli yake, na alinipa kwa moyo safi. Nilikataa. Nilitaka watu wa Rongai waone gari la vioo na maua.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye foleni, kituo kile kile alichofanyia kazi, kilichokuwa kimepata petroli kidogo. Foleni ilienda hadi barabara kuu na ikapinda. Kila gari lilipoondoka mbele, wanaume walishuka kusukuma ili wasiwashe injini. Mwalimu mmoja kijana alitueleza kwamba uchimbaji wa mafuta duniani umeshafika kilele, sasa kilichobaki ni mteremko.

Mzee aliyekuwa akisukuma pikapu akamuuliza, "Kama ni mteremko, mbona tunasukuma?"

Saa saba tukaomba kupishwa. Kumbe akili ya mwenyekiti ilikuwa imeshawafikia wengine. Mwanamume mwenye kofia ya kiwanda akaja akasimama mbele ya gari letu.

"Boss, fungua hilo jeneza tuone."

"Ni mume wa huyu mathe," dereva alisema.

"Hata wa asubuhi alikuwa mume wa mtu. Tulipofungua tukakuta mitungi sita!"

"Marehemu wa siku hizi wana mifuniko ya kuzungusha," sauti nyingine ikaongeza, na foleni nzima ikacheka. Nadhani mume wangu naye angecheka. Nikamwambia dereva afungue.

Mwenye kofia aliangalia. Akaivua kofia. "Huyu ni yule wa pampu ya pili," alisema. Kisha akawageukia wenzake: "Huyu ndiye alikuwa akiinua mpira."

Waliomjua walielewa. Pampu ikisimama, petroli kidogo hubaki ndani ya mpira wa kumiminia. Mume wangu aliuinua juu mpaka tone la mwisho liingie kwenye tangi la mteja, kwa sababu ameshalilipia. Bosi alimgombeza kwa hilo miaka yote.

Wakatupisha. Pampu ilitoa petroli kidogo, ikakohoa, ikatoa hewa. Wenzake wa kazini walisukuma gari letu pampu moja baada ya nyingine na kuinua mipira yote minne juu ya tangi lake, mikono imenyooka, mpaka ilipoacha kudondoka.

Petroli hiyo ilitufikisha njia panda ya kwa mama mkwe. Kutoka hapo tulisukuma, mimi na viatu vyangu vya mazishi mkononi. Gari la vioo na maua liliingia uani likiwa na vumbi zaidi kuliko lori la kabichi.

Gari jeusi la mwenyekiti lilikuwa limeshafika. Tangi lililokauka Ijumaa lilikuwa linanguruma Jumamosi, na spika zilizopata umeme wake humo zilikuwa zimefungwa juu ya paa. Mchungaji alifupisha ibada, jeneza likateremshwa. Jua lilikuwa limebaki kiasi cha kiganja. Ndipo mwenyekiti akashika maiki, akaomba maneno mawili.

Alisema juu ya kubana matumizi. Alisema turudi kutembea kama wazee wetu. Alishukuru kamati, akawataja mmoja mmoja, akaanza upya na habari za bei. Waliochimba kaburi walisimama wameegemea majembe, kwa sababu mwenyekiti hakatizwi. Mama mkwe hakumtazama hata mara moja. Alikuwa akitazama jua.

Nikainuka. Nilipita nyuma ya watu hadi kwenye gari lake jeusi, nikaingiza mkono dirishani, nikazungusha ufunguo. Injini ikazima, na spika zikanyamaza katikati ya neno. Mdomo wa mwenyekiti uliendelea kwa muda.

Wanaume wakainua majembe.