Klachi Pleti Chini ya Vitunguu

Nilimchukia yule muuza giaboksi wa Bwera, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Wengine husamehe Jumapili kanisani, wakatoka wepesi. Mimi niliimba, nikatoa sadaka, nikatoka namchukia vilevile.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, nami nilikuwa na pikapu kuukuu iliyonilisha. Ilibeba vitunguu na nyanya kutoka Munkunyu hadi Hima, ambako vibarua wa saruji hula kwa njaa ya kweli. Giaboksi ilipokufa barabarani, fundi wangu wa Kasese aliifungua, akaona gia zimesagika. "Mama, hii haifufuki," akasema. "Tafuta iliyotumika, lakini twende wote." Sikumngoja. Nimenunua mbuzi, magunia na mabati tangu usichana wangu, chuma kingenishinda? Nikaipima ile iliyokufa kwa kamba ya mgomba, urefu na unene, nikafunga mafundo, nikaenda Bwera, mpakani na Kongo, siku ya soko.

Alikuwa Mkongo wa makamo, rozari shingoni, giaboksi zake zimepangwa juu ya turubai. Niliweka kamba yangu juu ya mojawapo, mafundo yakaangukia palepale.

"Ona, mama, kamba imefika!" Akapiga makofi. "Hii bwati inatoka ku gari sawa na yako. Miye niko mukristo, siwezi kudanganya mutu."

Bwati ndilo jina la giaboksi kwao ng'ambo. Na alijua. Mtu anayeshinda na giaboksi kutwa anajua kwamba kamba haipimi meno.

Kasese, fundi alichukua klachi pleti yangu, kile kisahani chenye tundu la meno katikati, akajaribu kuivika kwenye shafti ya giaboksi ile. Meno ya shafti yalikuwa manene, pleti ikagoma. Matundu ya bolti nayo yalikataa kukutana na ya injini. Siku ya soko iliyofuata niliirudisha, nikaomba tu anibadilishie. Hata kwenye kigoda chake hakuinuka.

"Kitu ikishatoka hapa haina kurudia. Si ulipima weye mwenyewe na kamba yako?"

Jirani zake wakacheka. Kwa kicheko kile niliapa atajuta.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilihamisha biashara yangu, nikaanza kuleta vitunguu Bwera kwa bodaboda, nikatandika gunia langu mkabala na turubai lake. Chini ya vitunguu niliificha ile klachi pleti. Kila mteja alipoinama kwake, mimi nilipaza sauti.

"Baba, umekuja na klachi pleti yako? Ivike kwenye shafti kwanza, iingie bila kulazimishwa. Hesabu matundu ya bolti. Tazama na masikio ya kuifungia chini, kama yako mahali palepale. Huna pleti? Nenda kailete, giaboksi haitakimbia."

Wasioamini niliwatolea yangu, nikawaonyesha jinsi inavyogoma. Nilifurahi sana, nikawa nalala vizuri. Baada ya muda watu walikuja hata kutoka Karusandara na pleti mkononi, kama mtu anayenunua kifuniko anavyobeba sufuria. Walipima, wakaondoka. Siku moja yule bwana alivuka, akasimama mbele ya vitunguu vyangu.

"Mama, sasa unataka batoto yangu bakule nini?"

"Wapikie kamba," nikamwambia.

Wakati huo wote pikapu ilikuwa juu ya mawe. Fundi alitafuta giaboksi ya kuifaa Kasese yote, akatafuta Hima, akakosa. Magari ya aina ile yalikuwa yamekwisha. Kisha siku moja niliiona kwenye turubai lile. Niliitambua nikiwa nimekaa, kama mtu anavyomtambua mbuzi wake. Nikachukua pleti, nikavuka.

Hakunizuia. Hata shafti aliipangusa kwa kitambaa. Pleti iliteleza hadi ndani. Matundu yalikuwa yenyewe, masikio yenyewe. Nilishaiona barabara ya Hima na masufuria yanayonisubiri.

"Papa," nikasema kwa upole ambao sikujua ninao, "niambie bei."

"Umepima muzuri?"

"Nimepima."

"Basi ujue kabisa iko yako." Akaivuta, akaifunika kwa gunia. "Na sitakuuzishia."

Nilimtuma fundi, akamfukuza. Akaja mtu mwingine mwenye pikapu kama yangu, ana fedha mkononi, naye akafukuzwa. Ningeweza kuhama soko, lakini angedhani ameshinda.

Kuku walianza kutaga kwenye kiti cha dereva. Na kila siku ya soko, kitu cha kwanza alichokitoa kilikuwa giaboksi ile. Aliifuta vumbi, akaigeuza shafti ielekee vitunguu vyangu, kisha akaketi kwenye kigoda chake na kunitazama.