Ng'ombe Walioliwa na Gari

Wenzangu, msinunue gari la mzungu anayeondoka. Langu, jeusi lenye viti vya ngozi, nililinunua baada ya Uhuru ili Mariamu wa Ilongero anione mtu wa maana. Sasa starta imekufa, rejeta inavuja, na fundi wa Singida mjini ananijua kuliko mama yangu.

Jumapili nilikwenda kwao kuposa. Nikamwambia baba yake ng'ombe wa mahari wapo, wananenepa. Kuaga, ukoo mzima ukanisindikiza garini, ikabidi niwaombe tusukume wote. Lilipoanza kwenda nikarukia ndani, injini ikawaka. Kusimama sikuthubutu, lingezimika. Nyuma Mariamu akakimbia akipunga mikono yote miwili. Nikampungia, nikamtazama kwenye kioo cha pembeni mpaka vumbi likamficha.

Nikabaki nasema peke yangu: "Mariamu, kila nikilala nakuota wewe. Ningekuoa hata kesho, ila ng'ombe wote nimewauza nikatengenezea gia."

Kiti cha nyuma kikakohoa. Baba yake! Wakati tunasukuma, mzee alikuwa ameingia kujaribu ulaini wa viti.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Hebu rudia hapo pa ng'ombe."