Kitabu Kilichonuka Sangara

Mwanaamina wa mtaa wa Kamunyonge alikuwa mshona kofia. Mkono wake ulikuwa na kasi, ila mdomo uliushinda. Mwaka themanini na tatu uzi ukaadimika Musoma nzima, mkono ukakaa bure, mdomo ukabaki unafanya kazi peke yake, na majirani waliteseka.

Si uzi tu. Sabuni hamna, sukari hamna, betri za redio ndiyo usiseme. Mtu akikuonyesha betri mpya unamuuliza ana ndugu gani serikalini. Na hizo betri ndizo zilizoleta mambo yote haya. Redio ziliponyamaza, watu wakawa wanamaliza swala ya alasiri na kubaki wanatazamana. Ndipo Mwalimu Muharami, fundi viatu aliyekuja Musoma kijana akitokea Ujiji, akatoa sandukuni kitabu cha babu yake. Ulikuwa utenzi mrefu wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, karatasi arobaini na nne zisizoshonwa, zimefungwa kwenye kitambaa. Akauimba barazani. Siku ya kwanza alipata wasikilizaji watatu, mmoja kalala. Mwezi haujaisha, baraza halitoshi.

Mwanaamina akaomba kufundishwa kuandika. Kalamu akachonga ya matete ya ziwani, karatasi akakata mifuko ya saruji. Mkono uliozoea nakshi za kofia ukazishika zile herufi kama wanajuana. Baada ya mwaka Mwalimu akasema mwanafunzi kampita kwa mwandiko. Alisema mara moja tu, akajuta, maana Mwanaamina alihakikisha hadi wavuvi wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, wamesikia.

Habari zikafika Bunda. Mwamvita, mke wa muuza nyama wa mtaa wa Nyasura, akatuma ujumbe: tuleteeni hicho kitabu na sisi tunakili, huku redio zetu nazo zimekufa. Mwalimu alikataa miezi minne. Mwishowe akakubali, akamwita Mwanaamina.

"Ijumaa ijayo kirudi hapa," akamwambia. "Karatasi arobaini na nne. Ikipungua moja, au ukinivurugia mpangilio, usije kunisalimia tena."

Mwanaamina akaapa. Halafu akaenda nyumbani kufanya wema ambao hakutumwa.

Karatasi nane wino ulikuwa umefifia. Akaona akoleze, Mwalimu aje kushangaa. Wino wao ulikuwa masizi na gundi ya mgunga. Siku hiyo gundi imeisha. Akatia mafuta ya sangara, ndiyo watu walikuwa wanakaangia na kuwashia taa. Akili ya mtu wa ziwani hiyo: kila shida dawa yake samaki.

Lori la kwenda Bunda likakata springi Butiama. Dereva akarudi Musoma kutafuta nyingine, na miaka ile kupata springi ilikuwa kazi kuliko kupata mchumba. Mwanaamina akapokelewa na Getruda, mama muuza uji, mwimbaji wa kwaya ya kanisani. Asubuhi akakuta kitambaa kinanuka mwalo mzima. Akazitandaza karatasi juu ya kichanja cha vyombo zipigwe jua, akazikandamiza na sahani, wakaenda kisimani.

Paka wa Getruda hakula peke yake. Aliita ukoo.

Waliporudi sahani ziko chini, karatasi ziko migombani, nyingine kwenye banda la kuku, zimelambwa. Mwanaamina akakaa mavumbini. Mdomo ukagoma kabisa. Getruda ndiye aliyeokota, akahesabu kwa sauti: arobaini na nne. Sawa, lakini ipi inaanza na ipi inafuata? Namba hazina. Nusu ya kwanza Mwanaamina aliijua kwa kichwa, akaipanga. Nusu ya pili hakuwa amefundishwa, na ilikuwa mawaidha matupu, ubeti wowote ungeweza kumfuata mwenzake bila kugombana.

Getruda hakujua hata herufi moja ya pale. Alikuwa anaangalia tu, kama mtu anayetafuta pea za kandambili.

"Dada, hii alama ya hapa chini pembeni," akasema, "mbona naiona tena juu ya ile?"

Mwanaamina akamjibu kwa unyonge kwamba huyo babu alikuwa na kigugumizi cha mkono. Anamalizaga karatasi, anaandika neno moja chini, halafu analirudia mwanzo wa karatasi nyingine. Yeye kwenye nakala zake alikuwa anayaacha hayo maneno, anamsahihisha mzee.

"Kigugumizi gani cha kila karatasi?" Getruda akauliza. "Hebu leta hiyo."

Wakaziweka pamoja. Zikashikana. Wakatafuta nyingine, ikashikana. Jua halijafika utosini, kitabu kimekaa sawa, isipokuwa karatasi moja iliyoliwa pembe yenye neno, na hiyo ilijipata yenyewe kwa kuwa ndiyo iliyobaki. Mwanaamina akacheka hadi machozi. Getruda akaomba mshahara wake: ukurasa mmoja kwenye karatasi ya saruji, na namna ya kuuimba.

Springi ikapatikana, lori likafika, na Bunda wakanakili nakala tatu, kila karatasi na neno lake chini. Miaka miwili mbele biashara ikafunguliwa, betri zikajaa madukani, baraza la Kamunyonge likapungua watu. Nyasura waliendelea, kwa sababu Mwamvita alisema redio haimwambiagi mtu arudie ubeti.

Lakini turudi Ijumaa ile ya ahadi: Mwalimu Muharami akafungua kitambaa. Akanusa. Akafunua moja moja, taratibu. Kwenye pembe iliyoliwa akasimama. Mwanaamina akaeleza yote, mafuta, kichanja, paka na ukoo wake, asiongeze chumvi hata punje.

"Mpangilio ulipataje?" Mwalimu akauliza.

Akamweleza habari ya Getruda.

Mzee akaligusa neno la chini kwa kidole. "Babu aliniambiaga yale maneno ya chini ni kwa ajili ya siku ya upepo," akasema. "Paka hakunitajia."

Akafunga kitambaa, akakipiga mafundo mawili.

"Arobaini na nne," akasema. "Haya, nisalimie."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na hicho kitabu kiweke juu, pale paka wangu asipofika."