Ulimi wa Mshamu na Kata ya Kisima

Mshamu Hashimu aliipa alama nane kwa kumi, na kwa siku zilizofuata namba hiyo haikumtoka kichwani.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, katika chumba cha kuonjea cha kiwanda kidogo cha bia huko Mbagala, Dar es Salaam. Bia yenyewe ilikuwa pilsner ya mtindo wa Kicheki, ya kwanza kupikwa kiwandani hapo: rangi ya dhahabu iliyokolea, povu zito linalong'ang'ania kuta za glasi, na hopsi tele, yale maua machungu yanayoipa bia harufu na ukali wake. Mshamu aliandika kwa hati yake ndogo iliyonyooka: "Harufu ya majani yaliyokatwa jana, na pilipili manga kwa mbali. Kimea kitamu kama ganda la mkate. Siagi kidogo, haiudhi. Uchungu unachelewa, ukifika, unakaa." Alama mbili alizipunguza kwa sababu ya maji. "Maji bado yana chumvi. Bia hii inataka maji mepesi zaidi."

Maji ndiyo yaliyompeleka pale. Miaka sita nyuma aliajiriwa kusimamia mitambo ya kuchujia maji, na wakubwa walipogundua kwamba ulimi wake huitambua chumvi kabla ya kipimo, wakamtia katika meza ya waonjaji. Nyumbani Kiongoroni, kijiji cha wavuvi na wakata mikoko kule delta ya Rufiji inakokutana na bahari, mama yake aliambiwa kwamba mwanawe yuko kwenye kiwanda kinachochuja maji. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliokatwa mkia.

Dhamiri yake nayo alikuwa ameitafutia pa kujibanza: hamezi. Aliizungusha bia kinywani, akaitema ndooni, akasukutua. Wenzake walimwita Shehe Ndoo. Lakini Jumatatu ile fundi mkuu alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Mshamu, hii huipimi kwa kutema. Uchungu wa pilsner uko kooni. Ukitema, umepima nusu."

"Leo ndoo inalala na njaa," akasema jirani yake, na meza nzima ikacheka.

Akameza. Uchungu ulipita, ukarudi, ukatua nyuma ya ulimi ukiwa safi na mkavu, na hapo ndipo alipoielewa ile bia. Fundi alikuwa amesema kweli. Funda hilo lilikuwa la kazi, angeweza kulitetea. Akajaza fomu, fundi akaenda zake. Kisha, bila kuombwa na mtu, Mshamu akainyanyua glasi mara ya pili.

Kesho yake mdogo wake, Mwamini, akampigia simu.

"Kaka, mama anakutaka kabla ya bamvua. Ulimi wake umekufa."

Bi Mwanawetu, mama yao, alikuwa mwonjaji wa kisima. Kiongoroni hunywa maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mchanga, nyuma ya mikoko, na kila bamvua, yaani maji makuu yanayopanda mara mbili kwa mwezi, chumvi hupenya chini kwa chini. Siku hizo hakuna mwanamke anayeteka kabla mwonjaji hajateka kwa kata ya kifuu, akaonja, akatema, na kutamka daraja. Madaraja ni matatu: ya mtoto, ya chungu, ya nguo. Maji ya mtoto hunywewa na yeyote. Ya chungu hupikiwa. Ya nguo hayapiti kinywani. Mwonjaji hali chumvi siku za bamvua, hatafuni tambuu, na kileo hakijui. Kazi hiyo Bi Mwanawetu aliipokea kwa mama yake, na Mshamu alifundishwa tangu hajaota meno ya pili.

Alipanda basi hadi Kibiti, pikipiki hadi Nyamisati, kisha boti. Alimkuta mama yake barazani, amejitanda kanga, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimewakosea watu." Akaeleza bila kujitetea. Bamvua iliyopita alionja, akasema ni ya mtoto. Habiba, jirani yao, akamkorogea mwanawe uji kwa maji hayo, na mtoto akaharisha siku mbili. "Nilipoonja sikusikia kitu, nikadhani hakuna kitu. Habiba hakunigombeza. Alisema tu, 'Bi Mwanawetu, uji wako umekolea bila kutiwa chumvi.' Bora angenigombeza." Akamtazama mwanawe. "Kesho utaipokea kata. Ukiwa mbali utapokezana na Mwamini, lakini kwanza iwe mikononi mwa aliyefundishwa."

Mshamu akaitikia. Neno alilopaswa kulisema lilifika kinywani likarudi. Alimtazama mama yake akijilaumu kwa ulimi uliochoka kwa miaka sabini na moja ya halali.

Asubuhi wanawake walikuwa wamepanga ndoo kisimani. Bi Mwanawetu akashika kata kwa mikono miwili, akauliza kama alivyoulizwa yeye zamani:

"Kinywa chako kina nini?"

Jibu lilikuwa fupi, na Mshamu alilijua tangu utotoni: hakina kitu ila amana. Watu wakangoja.

"Anaona haya kama bwana harusi," akasema Habiba, mtoto mgongoni. "Sema, Mshamu, jua linapanda."

"Mama, tusogee kando."

Wakasogea hadi kwenye mkoko wa kwanza. Hapo akamweleza: kile kiwanda, meza ile, ndoo. Aliongea kwa sauti ya chini na kwa mpangilio, kama anayejaza fomu. Mama hakumkatiza hadi alipofika Jumatatu.

"Ulimeza?"

"Nilimeza."

"Kwa ajili ya kazi."

Alikuwa amemfungulia mlango. Mshamu angeweza kupita.

"La kwanza la kazi, mama. La pili langu."

Bi Mwanawetu akaitia kata kwapani. Kisha akajifunga kanga upya na kurudi kisimani.

"Ulimi wa Mshamu una kazi ya watu wengine," akawaambia wanawake. "Ataonja Mwamini. Mshamu, wewe kaa pale, umwelekeze kwa maneno. Kata usiiguse."

Mshamu akakaa hatua tatu kutoka kisimani. Mwamini akateka, akatia kinywani, akatema.

"Sisikii kitu."

"Teka tena. Izungushe. Pembeni mwa ulimi, panauma?"

"Hapaumi."

Mshamu akasita. Alijua la kusema, na alijua alikolitoa.

"Sasa usiteme. Meza kidogo, kisha funga kinywa, utulie. Chumvi nyingine haikai ulimini. Inakuja nyuma, kooni, baada ya maji kupita."

Mwamini akameza. Akasimama kimya, kisha uso ukamkunjika. "Ipo," akasema. "Imekuja sasa hivi. Haya ni ya nguo."

Habiba, aliyekuwa amechovya ndoo mapema aliposikia hakuna kitu, akamwaga maji yote mchangani na kumpapasa mwanawe mgongoni. "Basi leo tunakunywa ya akiba," akasema. "Mshamu, ungekuja bamvua iliyopita."

Mshamu akayatazama maji yakizama mchangani.

Bi Mwanawetu akamkaribia mwanawe. "Miaka yote nilitema," akasema. "Bibi yako alitema. La kumeza sikukufundisha mimi."

"Hukunifundisha."

Hakuuliza alifundishwa na nani. Akarudi kwa binti yake, akamkalishia kata mkononi ipasavyo.

Siku ya pili maji yakawa ya nguo tena. Ya tatu, ya chungu. Katikati ya siku hizo simu ya Mshamu ilileta ujumbe wa fundi mkuu: "Tumeyafanya maji mepesi kama ulivyosema. Pipa jipya likiiva tunahitaji koo lako." Aliusoma mara mbili, akauacha bila jibu, na aibu yake kubwa ikawa kwamba alitamani kujua bia hiyo sasa ingefika alama ngapi.

Siku ya tano, siku ya kuondoka, bamvua ilikuwa imeshuka. Mwamini akateka akiwa wa kwanza, na kabla hajaonja akamwona kaka yake amekaa mahali pake pale pale, midomo imekauka.

"Kinga mikono."

Akammiminia viganjani, kwa kuwa kata hakuruhusiwa kuishika. Mshamu akanywa. Yalikuwa ya mtoto. Alilijua hilo kabla hayajafika kooni. Wanawake walikuwa wanamtazama. Akafuta mikono kwenye suruali, akainamisha kichwa, akamngoja Mwamini aonje na aseme.