Namba Saba Mwenye Mikono Minne

Harufu ya plastiki mpya hunitia wivu mpaka leo. Wengine wakifungua ndoo mpya au viatu vya mtoto hunusa wakafurahi. Mimi hugeuza uso. Nikifumba macho najiona niko Mbooni, mwezi wa nane, ukungu umelala mteremkoni kama ng'ombe aliyekataa kuamka, nami nimesimama mlangoni kwa Susu, nyanya yetu, namtazama binamu yangu Kioko akifungua sanduku la kadibodi. Mpaka asubuhi ile nilizijua harufu nne tu za maana: vumbi la mbao, moshi, maharagwe, na rangi ya viatu ambayo baba alipaka vinyago vyake ving'are. Hii ya tano ilitoka Mombasa kwa gari la moshi, ikashuka Emali, ikapanda milima yote hiyo, ikaja kuniharibia likizo.

Niseme kwanza sisi ni watu gani, msije mkanihukumu upesi. Baba yangu alikuwa mchongaji. Kwa wachongaji wetu kila mtu ana mnyama wake. Baba alikuwa na twiga, jirani yake alikuwa na kifaru, na hakuna aliyegusa mnyama wa mwenzake hata wateja wangelia machozi. Mtoto haanzi na mnyama. Anaanza kwa kusugua msasa, miaka, halafu anapewa vijiko, vile virefu ambavyo wageni hununua wakaenda kuvitundika ukutani, jambo ambalo Susu alikufa hajalielewa. Mimi nilikuwa kwenye vijiko. Shule niliiacha darasa la nne. Sikufukuzwa, nilichoka tu. Mwalimu alisema kichwa changu kimejaa vumbi la mbao, na hakukosea sana. Lakini msinione mnyonge. Watoto wa mteremko mzima walinifuata mimi, kwa sababu vipande vilivyobaki kwenye karakana ya baba nilivigawa mimi, na bila kipande hakuna gurudumu, na bila gurudumu mtoto hana gari. Nilikuwa mtu mkubwa, kabla Kioko hajafungua sanduku.

Ndani walikuwamo watu wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole cha kati, kila mmoja amesimama ndani ya shimo lake. Kioko alisema ni watu wa nyota. Kulikuwa na sinema isiyoisha: ilianza kabla hatujazaliwa na bado wanaongeza nyingine, chombo kinazunguka angani kikitafuta njia ya kurudi kwao. Waliotengeneza sinema hiyo waliwatoa watu hao kuwa ukumbusho wa miaka yote ambayo chombo hicho kimepotea, ndiyo maana kila mmoja alisimama juu ya kisahani cha rangi ya dhahabu chenye namba yake. Baharia mmoja alimpa baba mkubwa, yaani baba yake Kioko, aliyekuwa mpakizi wa mizigo bandarini. Mashimo yalikuwa kumi na mawili, watu kumi na mmoja. La saba lilikuwa tupu. Sisi sinema pekee tuliyowahi kuona ni ile iliyoletwa na gari la serikali, ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe.

Susu alimchukua mmoja akamgeuza kama anayekagua mbegu.

"Hawa wanakula nini huko juu?"

"Vidonge, Susu," Kioko akajibu.

"Vidonge! Kwani wote ni wagonjwa?"

Mama yangu, ambaye Jumapili aliongoza nyimbo za akina mama kanisani, akauliza kutoka jikoni, "Na wameokoka?"

"Wawili tu, mama. Wengine bado tunawaombea."

Wote walicheka, na Susu akacheka kuliko wote, akampiga Kioko begani na kumwita "mume wangu." Kioko alikuwa amepewa jina la babu, na kwetu nyanya humwita mjukuu wa namna hiyo mume, humtania, humwekea paja la kuku. Mimi nilirithi jina la upande wa mama, nikaitwa Mutinda, na kwa hiyo niliwekewa shingo. Shingo ya kuku si mbaya, msinielewe vibaya, ina utamu wake ukiwa na subira. Lakini jaribu kuila huku mwenzako ana paja mkono huu na mtu wa nyota mkono ule.

Sufuria kuukuu iliyotoboka ikawa chombo. Kila asubuhi watoto walikuja, hawaniulizi tena magurudumu, wanamuuliza Kioko leo tunakwenda nyota gani. Aligawa watu yeye. Mimi nilipewa Namba Kumi na Mbili, mlinzi asiye na jina, ambaye kazi yake ilikuwa kufa kwanza. Kila safari, kabla hatujafika popote, Kioko alisema, "Mutinda, kufa," na mimi nikamlaza mlinzi wangu kwenye majani yenye umande. Kisha chombo kiliharibika, na hapo mchezo ulikwama, kwa maana Namba Saba ndiye aliyekuwa fundi. Nyuma ya sanduku palikuwa na picha yake ndogo kama ukucha: kichwa kama kibuyu, mikono minne, kila mkono na chombo cha kazi. "Angekuwapo Saba," Kioko alisema kila siku, na sauti yake ilishuka kama ya mtu anayemtaja marehemu. Kilikuwa kitu pekee ambacho Kioko hakuwa nacho. Nakiri nililipenda shimo lile tupu kuliko watu wote kumi na mmoja. Usiku niliomba. Niliomba mvua, niliomba panya, na nilimaliza kwa amina.

Zilipobaki siku nne yeye na baba yake warudi Mombasa, Kioko alinifuata karakanani.

"Mutinda, nichongee Saba."

"Kwa nini usimwambie baba?"

"Baba yako anajua twiga tu, atamtia shingo." Akacheka, halafu akachungulia kijiko changu. "Au na wewe unajua kusugua tu?"

Nikamwambia aje Ijumaa.

Sasa hapa ndipo nataka msome polepole. Juu ya jiko la mama, kwenye dari ya fito, baba aliweka vipande vyake vya mukau, mti wetu wa kuchongea, vikapigwa na moshi miezi na miezi, mpaka vikakauka kabisa. Waswahili wa pwani husema samaki mkunje angali mbichi, lakini hao ni watu wa samaki. Mti haukunjwi mbichi. Mti mbichi ni mtamu kwa kisu, unakatika kama kiazi, kisha ukikauka unapasuka, na tawi la mviringo lenye moyo wake katikati lazima lipasuke. Hilo mtoto wa mchongaji analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Nilipanda juu ya kigoda, nikaugusa mukau mkavu. Mkono ulikuwa pale pale. Nikaurudisha. Nikatoka nje, ambako upepo ulikuwa umeangusha tawi la jakaranda asubuhi ile ile, nikakata kipande, nikauona moyo wake katikati kama jicho linaloniangalia. Nikasema, akifika Mombasa atapasuka. Nilisema kwa sauti. Hakuna aliyenituma.

Ajabu ni kwamba sikuwahi kuchonga vile tena maishani. Wivu ulinishika mkono. Mikono minne kutoka kipande kimoja, bila gundi, kila mkono umeshika chombo: nyundo, koleo, msumeno, na wa nne nikaupa tezo, kishoka cha kuchongea, kwa sababu fundi asiye na tezo ni fundi wa wapi? Nikasugua, nikapaka rangi ya viatu mara tatu ili harufu ya mti mbichi isitoke. Baba alimkuta kwenye benchi. Akamweka kiganjani, akampima uzito; mti mbichi ni mzito, hata kipofu angejua.

"Mikono umeiweza," akasema. "Na mti?"

"Ni mkavu, baba."

Alinitazama muda wa kutosha mtu kubadilisha jibu lake. Sikulibadilisha.

"Haya," akasema. "Mti husema wenyewe."

Kioko alikuja Ijumaa, akampokea kwa mikono miwili. Alikaa chini, kwenye vumbi la mbao, na nguo zake za kusafiria. Akamtia kwenye shimo la saba, akaingia sawasawa. Kisha akageuza sanduku kwangu, akasema, "Chagua mmoja. Yeyote." Nilidhani atanipa mlinzi. Nikanyoosha mkono kwa Namba Moja, nahodha, mwenye joho jekundu, nikitaka akatae ili nipate sababu ya kumchukia vizuri. Akamng'oa akanipa. Hata hakusita.

Walipoondoka nilisimama njiani mpaka vumbi likatulia, na hapo ndipo wivu ulinipiga kwa upande ambao sikuutarajia. Namba Saba alikuwa anakwenda kupanda gari la moshi. Yeye angeiona bahari, mimi sijaiona, nami ndiye niliyemtoa kwenye tawi. Nikamwonea wivu mtu wa mti niliyemchonga mwenyewe, ambaye nilijua kwamba atapasuka. Nahodha nilimfukia kwenye vumbi la mbao. Watoto walirudi kuomba magurudumu, lakini sikuwa na raha.

Mwezi wa nane uliofuata baba mkubwa alikuja peke yake. Kioko hataki kuja, akasema, amekataa kabisa. Susu alinung'unika wiki nzima kwamba mumewe amemwacha. Baba alinitazama mara moja tu kisha akarudi kwa twiga wake. Nilijua: mti umesema. Mwaka wa pili, hakuja. Wa tatu, hakuja. Tulikua hivyo. Susu alipofariki tulikutana kaburini, watu wazima wenye ndevu, tukasalimiana, tukaongea habari za mvua. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa watu wa kuongea habari za mvua, na ninyi mnajua Ukambani habari hizo ni fupi.

Mwaka huu Kioko alistaafu akajenga Emali, si mbali na stesheni ile aliyokuwa akishukia. Nilisikia sukari imemshika na macho yamepungua, nikaenda kumwona, nahodha, niliyemfukua vumbini, mfukoni mwa koti. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimekibeba kweli. Malori yananguruma nje, mjukuu wake ametuletea chai, na ukutani pana kabati la kioo. Nikawaona. Plastiki imekuwa ya manjano kama meno ya mzee, wengine wamepinda kwa joto. Na katikati, mbele ya wote, Namba Saba, amepasuka kutoka kibuyu cha kichwa mpaka miguuni, amefungwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko iliyolingana kama ya ukili.

"Unamwona?" Kioko akaniuliza, kwa maana yeye hamwoni vizuri. "Ndugu yangu, nilikukosea. Nilimweka dirishani siku ile ile tuliyofika, jua la Mombasa likampiga. Asubuhi nikasikia *ta!* Nikalia mpaka nikachapwa. Baba akataka kunileta kwenu mwaka uliofuata, nikasema siwezi, Mutinda ataniuliza Saba yuko wapi. Nitamwambia nini mtu aliyenichongea mikono minne?"

Niliweka kikombe chini. "Kioko," nikasema, "mti ule ulikuwa mbichi."

Akacheka, akautafuta mkono wangu, akaushika. "Ulikuwa mtoto wewe. Mtoto angejuaje?"

Hapo ndipo pa kusema kwamba nilijua. Nikanywa chai. Nahodha alibaki mfukoni, nikarudi naye Mbooni.

Siku hizi wajukuu wangu wana vinyago vya kila aina, vinaongea, vinawaka taa, na wiki haiishi viko shimoni kwenye takataka. Hakuna anayemwonea mwenzake wivu kwa sababu hakuna anayekumbuka alichokuwa nacho jana. Nilidhani ningewasifu kwa hilo. Siwezi. Mimi wivu wangu bado ninao, ila umehama. Simwonei tena Kioko wivu wa sanduku, wala wa paja la kuku. Namwonea wivu wa waya ule: kwamba miaka yote hiyo yeye alikuwa na kosa ambalo si lake, akalifunga vizuri hivyo, na mimi nilikuwa na la kwangu nikalifukia kwenye vumbi la mbao.

Juu ya jiko letu, kwenye moshi, nimeweka kipande cha mukau, cha kumchongea Kioko Saba mwingine. Si tawi, ni ubavu wa gogo, hakina moyo. Kina miezi sita sasa. Kila asubuhi nakipima kiganjani, na kila asubuhi nasema bado kizito kidogo, ngoja kikauke. Jana mke wangu alikipima. "Mutinda," akasema, "mti huu ulikauka zamani."